Kidomo cha Besi

Kila asubuhi nyumba yao iliamshwa na mlio wa ajabu. Haukuwa wa cherehani ya mama, maana cherehani ilisubiri mpaka chai inywewe. Haukuwa wa pikipiki ya jirani, wala wa bomba la uani lenye tabia ya kukoroma kabla ya kutoa maji. Ulikuwa mlio wa midomo ya Nukta. Alisimama mbele ya kioo cha kabati, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akabana midomo, kisha akaachia: brrrrrr.

"Haya, gari limewaka," mama yake alisema kutoka jikoni. "Majirani wakija kushtaki, utawajibu wewe."

Nukta alicheka akaendelea. Jina lake halisi lilikuwa refu na zuri, lakini lilitumika siku ya kufungua shule tu, mwalimu alipoita majina. Siku nyingine zote alikuwa Nukta, kwa sababu tangu darasa la kwanza alikuwa mdogo kuliko wenzake wote. Na mtoto huyu, kati ya ala zote za bendi ya shule, alikuwa amechagua besi, yaani lile tarumbeta kubwa la shaba ambalo mpigaji hulivaa mwilini, bomba likamzunguka kifuani na mdomo wake mpana ukasimama juu ya kichwa. Aliyemtazama kwa mbele aliona besi yenye miguu.

Alikuwa pia msichana pekee katika bendi ile. Mama yake, ambaye ndiye aliyeshona sare, alizikata suruali zote kwa kipimo cha wavulana. Kisha ya Nukta akaikata tena, na tena, mpaka akasema kitambaa kilichobaki kingetosha kumvisha Nukta wa pili.

Bendi ilikutana kila siku baada ya masomo katika stoo ya ala, chumba kirefu nyuma ya jiko la shule. Ndani mlinukia dawa ya kung'arishia shaba na moshi wa kuni. Ukutani zilitundikwa picha za bendi tangu enzi ilipokuwa bendi ya mji, ya watu wazima, kabla haijakabidhiwa shule. Picha zote zilijaa wanaume, isipokuwa moja iliyofifia karibu na dirisha. Humo, mwisho wa mstari wa nyuma, alisimama msichana mwenye nyusi nene, amevaa besi, wala hakutabasamu.

Kati ya watoto hakuna aliyemjua. Kijiko, mpiga ngoma mwenye maneno mengi, ambaye alipata jina hilo kwa kupiga sahani za nyumbani kwao kwa vijiko, alidai kwamba yule alikuwa mke wa kiongozi wa bendi. Mwenye besi alikwenda chooni, basi mama wa watu akaambiwa aishike kidogo, na mpiga picha hakuwa na subira. Wavulana walicheka mpaka wakashikana mabega. Nukta naye alicheka. Lakini kila alipoingia stoo, kabla hajagusa chochote, aliitazama ile picha na kunong'ona, "Shikamoo." Aliona haya kupita mbele ya mtu mzima bila kumwamkia, hata kama mtu huyo yupo kwenye fremu.

Mwalimu wa bendi walimwita Afande, kwa sababu alikuwa amepiga tarumbeta jeshini mpaka akastaafu, na hadi leo alitembea kama kuna mtu anamhesabia hatua. Alikuwa na sheria chache, lakini alizishika. Ya kwanza ilihusu kidomo, yaani kile kipande kidogo cha shaba ambacho mpigaji huwekea midomo yake. Kidomo huchomekwa kwenye bomba na kuchomolewa. Ala zilikuwa chache na baadhi ya watoto walipokezana, kwa hiyo kila mmoja akimaliza ilikuwa lazima achomoe kidomo, akioshe kwa sabuni na maji ya moto, ndipo mwenzake akitumie. Afande alisema mafua ya mtu mmoja hayana ruhusa ya kuwa mafua ya bendi nzima. Ala isiyooshwa haikupigwa, hata angekuja nani kuisikiliza.

Nukta alipokezana besi na Gogo. Gogo alikuwa mvulana mkubwa, mpole, mwenye mikono mipana ambayo ilimfanya aogope kushika vitu vyembamba. Pumzi yake ilikuwa nzito na ndefu. Ya Nukta ilikuwa fupi, lakini mapigo yake hayakuyumba, na bendi inayotembea hufuata mapigo ya besi. Jumamosi ile wodi mpya ya wazazi ingefunguliwa kwenye zahanati ya mji, na bendi ingeongoza maandamano kutoka shuleni, kupita barabara ya maduka, mpaka mlangoni. Besi ni moja, na mpigaji ni mmoja. Afande alisema angemtaja siku ya Alhamisi. Nukta aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na Gogo naye aliitaka vilevile.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Nukta hakumwambia mtu. Kijiko alipodondosha kijiti cha ngoma katikati ya wimbo, watu walimcheka Kijiko. Gogo alipokata kona kushoto wakati bendi nzima imekata kulia, akaenda peke yake mpaka kwenye jalala akipiga besi kwa moyo wote, watu walimcheka Gogo. Lakini siku Nukta alipoanza wimbo mapema, mtu mmoja nyuma alisema, "Ndiyo maana bendi haikuwa na wasichana." Afande alimkemea, na aliyesema akaomba radhi, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Tangu siku ile Nukta alijiapia kwamba hatakosea tena hata kidogo. Wenzake walikuja mazoezini kupiga muziki. Yeye alikuja kutokosea, na kazi hiyo inachosha kuliko kubeba besi.

Jumatano mazoezi yalikwenda vizuri ajabu. Nukta alipiga kama mtu anayetembea kwenye njia anayoijua, na Afande akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wengine walipotoka, Nukta alibaki kuosha kidomo, kwa kuwa siku ile alipiga wa mwisho. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka vidoleni. Basi kabla ya kukichomoa, akafanya jambo ambalo mtu asiyepiga ala hizi asingelifikiria kamwe. Alikipiga kidomo kwa kiganja.

Pum.

Sauti ilizunguka ndani ya bomba lote, ikatokea juu nzito na nene, ikatikisa kioo cha dirisha. Nukta alicheka peke yake. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Pum. Akapiga mara nyingine, na hii ilikuwa nzuri kuliko zote.

Alipotaka kukichomoa, kidomo hakikutoka.

Alikivuta, akakizungusha, akafunga kitambaa akavuta kwa mikono miwili huku ameibana besi kwa magoti. Akapaka sabuni. Kidomo kilikaa mahali pake kama kimezaliwa pale. Jasho lilimtoka, na ndani ya kichwa aliisikia ile sauti ya nyuma ikisema tena maneno yake. Hatimaye alisikia mlinzi akija kufunga milango. Akaifuta besi, akaipandisha kwenye rafu, na kwa mara ya kwanza akatoka stoo bila kuitazama picha ya dirishani.

Kesho yake Gogo ndiye aliyepangiwa kuanza. Alivaa besi, akashika kidomo ili akikague, akasita. Afande alisogea, akajaribu kwa vidole vyake, akawageukia watoto.

"Kimenasa," alisema. "Nani?"

Wavulana wote wakamtazama Gogo, ambaye siku ile alikuwa wa kwanza kufika na kuishusha besi, wakaanza kucheka. Jambo hilo lilimshangaza Nukta, kwa sababu yeye alitamani kukimbia, na wenzake walikuwa kama watu waliosubiri tamasha. Kijiko alimpiga Gogo begani.

"Mikono yenyewe hiyo," alisema. "Sema tu, Gogo, tukucheke yaishe."

"Sijakigusa," Gogo alisema.

Kicheko kikapungua. Afande alirudia swali lake akiwatazama mmoja mmoja. Macho yake yalipofika kwa Nukta, Nukta alikuwa anaangalia kamba za viatu vyake. Hakuna aliyejibu. Afande akasema kwamba kunasisha kidomo si kitu, ila kukaa kimya ni kitu, na aliyekaa kimya hatapiga besi Jumamosi. Angeuliza tena kesho, mara moja tu, kisha angeitengeneza besi. Halafu akasema kwamba, kama mambo yangebaki hivi, lawama ikiwa kwa Gogo, ajiandae Nukta.

Ndiyo hiyo nafasi aliyoitaka, imeletwa mpaka mikononi mwake. Nukta alingoja furaha ije, haikuja. Alimwona Gogo akivua besi taratibu, akiiweka chini kwa mikono yake miwili mikubwa bila kuigonga mahali popote. Siku zote Gogo alitoka stoo akiimba sehemu yake ya besi kwa mdomo. Siku ile alitoka kimya, na wenzake waliokuwa wakimtania wakampisha njia.

Nyumbani mama alikuwa anamalizia vifungo vya koti la mwisho. Alipoambiwa kwamba huenda Nukta ndiye atakayepiga, aliruka kutoka kwenye kiti, uzi na sindano vikaning'inia, akamkumbatia binti yake mpaka mkanda wa kupimia ukawafunga wote wawili. Nukta alijikuta anataka kulia kwenye bega la mama. Akasema anatumwa dukani na Afande, akatoka. Huo ukawa uongo wa pili, nao ulitoka kirahisi kuliko alivyotarajia.

Alikuwa na mpango. Kama angekichomoa kidomo yeye mwenyewe asubuhi kabla ya shule, kusingekuwa na kosa tena, na Gogo asingekuwa na lawama. Alichohitaji ni koleo.

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa barabara ya maduka, na mwenyewe walimwita Bibi Misumari. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya na sauti iliyotoka chini tumboni, sauti ambayo mafundi wazima waliiitikia "naam" bila kujitambua. Alipima misumari kwenye mizani, akauza mabawaba, rangi na kamba, na alijua kila mlango wa mji ule una kitasa cha aina gani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nikupe nini?"

Nukta aliomba kuazima koleo kubwa mpaka asubuhi.

"La kufanyia nini?"

"La mlango, bibi. Umenasa."

"Umenasa wapi?"

"Pale… pale unapoingilia."

Bibi Misumari alivua miwani. Aliitazama midomo ya Nukta, ambayo katikati ilikuwa na alama nyekundu ya duara, ile isiyofutika kwa mpiga besi wa kila siku. Nyusi zake nene zikapanda taratibu.

"Na mlango wenu huo," alisema, "ulipoupiga kwa kiganja, ulilia vizuri?"

Nukta alitaka ardhi impasukie. Badala yake alimwangalia yule mzee, akaziangalia zile nyusi, na kitu kikagonga kichwani mwake. Zilikuwa zimeota mvi, lakini zilikaa vilevile kama kwenye fremu.

"Bibi," alisema polepole, "ni wewe. Pale dirishani."

"Bado wananitundika?" Bibi Misumari aliangua kicheko kilichotikisa mizani. "Nilidhani nimeshaliwa na mchwa. Vuta hilo debe ukae."

Nukta alikaa juu ya debe la rangi, na yote yakamtoka: kiganja, sabuni, kamba za viatu, Gogo, mama yake na mkanda wa kupimia, na yale maneno ya nyuma. Alisema hakunyamaza kwa sababu ya nafasi ya Jumamosi tu. Alinyamaza kwa sababu akikosea Gogo, amekosea Gogo, lakini akikosea yeye wamekosea wasichana wote, hata wale ambao hawajazaliwa.

Bibi Misumari hakumkatiza. Alimhudumia fundi mmoja aliyetaka skrubu, akamngoja atoke, ndipo akasema.

"Nilipoingia bendi ile, nilikuwa peke yangu kati ya wanaume wazima. Sikucheka, sikuchelewa, sikukosea. Usiku naota nimekosea. Wao walikuwa wanachekeana makosa yao kila siku, ila yangu waliyanong'ona pembeni. Kwa hiyo nikadhani wao hawakosei, ni mimi tu. Unanielewa? Nilijiona nimewabeba wanawake wote mgongoni. Kumbe nilikuwa nimebeba besi tu, na besi peke yake inatosha."

"Sasa ulifanyaje?"

"Nilinasisha kidomo, kama wewe. Nikaficha wiki nzima, nikawa napiga bila kukiosha. Mwisho nikaugua koo mimi, na aliyepokea besi kwangu akaugua, akanilaumu, na haki alikuwa nayo. Ndipo nikajitaja." Alivaa tena miwani yake. "Koleo sikupi. Ukilitumia utapasua bomba, halafu utakuwa na jambo kweli. Afande anacho kifaa cha kazi hiyo. Nenda kamwambie, mbele ya wote, maana Gogo alilaumiwa mbele ya wote. Ukimaliza, mwambie akuonyeshe mfuniko."

"Mfuniko gani?"

Bibi Misumari alichagua msumari mmoja mzuri kutoka kwenye ndoo, akaufuta kwa nguo, akamwekea kiganjani. Alisema angeuhitaji, na kwamba sasa aende nyumbani kabla mama yake hajaanza kumtafuta.

Nukta alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamwambia ukweli kabla hata ya kuvua viatu. Mama aliweka sindano chini. Alisema ameumia kwa ule uongo wa kutumwa dukani, na kwamba suruali aliyoikata mara tatu ataivaa mtu mkweli au itakuwa matambara ya kufutia mashine. Kisha akamkatia mkate mnene kuliko kawaida.

Ijumaa, Afande aliuliza mara moja tu, kama alivyoahidi. Nukta alisimama. Sauti yake ilitoka chini tumboni, mahali ambapo pumzi ya besi hutokea.

"Ni mimi. Nilikipiga kwa kiganja Jumatano, nikanyamaza. Gogo hakufanya kitu." Akamgeukia. "Nisamehe, Gogo. Nilikuona unasingiziwa, nikaangalia viatu."

Nukta alilisubiri lile neno litoke tena nyuma. Badala yake alimsikia Kijiko akicheka puani, halafu mwingine, halafu wote, na haikuwa kama alivyoogopa. Walikuwa wanamcheka yeye, Nukta, kama walivyomcheka Gogo siku ya jalala.

"Ililiaje?" Kijiko aliuliza.

"Vizuri mno," Nukta alikiri.

Afande alifungua droo ya meza yake, akatoa kisanduku cha mbao. Ndani mlikuwa na kifaa cha chuma chenye taya mbili na skrubu kila upande. Alikibana kwenye kidomo, akazungusha skrubu taratibu, huku na huku, mpaka kidomo kikatoka kwa mlio mdogo kama kizibo cha chupa. Kazi nzima haikuchukua hata wimbo mmoja. Nukta alifikiria jinsi alivyolala macho wazi kwa ajili ya jambo lile.

"Bibi Misumari amesema nikuombe unionyeshe mfuniko," alisema.

Afande alimtazama, uso wake wa kijeshi ukalainika. Akageuza mfuniko wa kisanduku. Ndani, mbao ilikuwa imechorwachorwa kila mahali kwa ncha ya msumari. Palikuwa na nyota, samaki, kofia, jicho, nyumba isiyo na mlango. Kila mtu aliyewahi kunasisha kidomo katika bendi ile, na akajitaja, alichora alama yake. Kijiko, aliyewahi kupiga tarumbeta kabla ya kuhamia ngoma, alionyesha kijiko chake. Alikuwa hata na viwili, kwa kuwa alirudia. Ile kofia, Afande alisema bila kumwangalia mtu, ni yake.

"Na hili ua?" Nukta aliuliza. Kwenye kona ya juu, limefifia, lilikuwa ua dogo.

"Huyo ndiye aliyenifundisha kushika tarumbeta," Afande alisema, akaielekezea kidole ile picha ya dirishani. "Miaka yote mnabuni hadithi kuhusu huyo mama, hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Na kuna jambo jingine. Kila mvulana humu ndani anaujua mfuniko huu tangu wiki ya kwanza, maana mlionyeshana. Nani alimwonyesha Nukta?"

Safari hii walioangalia viatu walikuwa wengi. Afande alisema naye ajihesabu humo, maana ni yeye aliyepaswa kuhakikisha. Gogo ndiye aliyekuwa anatafuta alama yake mwenyewe kwenye mfuniko, kwa mzaha, akijua haimo. Katika bendi nzima, mwenye mikono mikubwa kuliko wote ndiye pekee ambaye hakuwahi kunasisha kidomo.

Sheria ilibaki sheria. Aliyekaa kimya hapigi besi, kwa hiyo Gogo angepiga Jumamosi na Nukta angebeba matoazi. Nukta alisema sawa, na alishangaa kuona kwamba ni sawa kweli. Akatoa msumari mfukoni, akachora alama yake karibu na ua. Ilikuwa nukta.

Jumamosi jua liliwaka mapema, na shaba yote ikang'aa. Barabara ya maduka ilijaa watu mpaka kwenye vibaraza. Gogo aliongoza mapigo kwa pumzi yake ndefu, Kijiko hakudondosha kitu, na Nukta aligonga matoazi kwa furaha iliyomshangaza hata mama yake, aliyekuwa anakimbia pembeni na sindano mdomoni kwa sababu kifungo cha mtu kilikuwa kinaning'inia. Kwenye kona alikata kulia bila kufikiri. Mara moja aligonga kabla ya wakati wake, akajicheka, akaendelea.

Wodi ilipofunguliwa na hotuba zikaisha, Gogo alimwendea Afande. Alisema besi ni nzito, jua ni kali, na kwamba yeye amepiga kwenda, kwa hiyo Nukta apige kurudi. Kila mtu alijua Gogo angeweza kubeba besi mbili pamoja na mpigaji. Afande alikohoa, akatazama mawingu ambayo hayakuwapo, akasema sheria ilihusu maandamano ya kwenda, na ya kurudi hayajaandikwa popote.

"Ila kidomo kwanza," alisema.

Kidomo kikaoshwa kwa maji ya moto ya wodi mpya, mbele ya wauguzi waliopiga makofi. Kisha besi yenye miguu ikarudi mjini. Mapigo yalitoka mazito na yaliyonyooka, bendi nzima ikayafuata, na vitoto vikaungana nyuma, wasichana kwa wavulana, vikipuliza ngumi zao. Mlangoni pa duka lake, Bibi Misumari alisimama mikono kiunoni, mguu wake mmoja ukipiga chini kwa mapigo yale yale, na safari hii alikuwa anatabasamu.

Afande aliisimamisha bendi palepale kwa ajili ya picha ya mwaka. Akamwomba Bibi Misumari asimame nao. Mzee alikataa, akasema hajapaka mafuta, kisha akavua aproni na kwenda kusimama karibu na Nukta mwisho wa mstari wa nyuma.

"Bibi, leo nimekosea mara moja," Nukta alinong'ona.

"Nilisikia. Na mji haukuanguka." Bibi Misumari aliongeza sauti ili na wengine wasikie. "Sikilizeni, wajukuu zangu. Kila mtu hukosea, awe peke yake au awe kwenye kundi. Ukisema 'ni mimi', kosa linabaki dogo kama lilivyokuwa. Ukilificha, linakua, na mara nyingi linamwangukia mwingine. Na ninyi mlio wengi, mkimwona mwenzenu yuko peke yake, mwonyesheni mfuniko mapema."

Mpiga picha akawaomba watulie.

Jumatatu, wasichana wawili wa darasa la tano walibisha hodi kwenye mlango wa stoo. Walisema wanataka kujiunga, ila wanaona haya. Afande aliwapa matarumbeta madogo, na Nukta akawafundisha kubana midomo, brrrrrr, mpaka mate yakawaruka wote na Gogo akalazimika kukaa chini kwa kicheko. Mazoezi yalipokwisha, watoto walianza kupanga ala kwenye rafu.

Nyuma ya rafu ikasikika sauti nene. Pum.

Akasikika mtu akivuta kitu kwa nguvu. Kisha sauti nyembamba ya kike ikasema waziwazi, bila kutetemeka, "Ni mimi."

Stoo nzima ikalipuka kwa kicheko. Afande alikuwa ameshaivuta droo. Nukta alitia mkono mfukoni, akatoa msumari, akampelekea.